Safu ya Huruma

Jina la Eudocia lilihamishwa asubuhi ya Jumatatu, na waliolihamisha walikuwa wanampenda. Hapo ndipo palipokuwa na ubaya. Adui akikufuta jina unajua la kufanya: unamfuata na upawa mkononi. Ukifutwa na rafiki, tena anafuta huku analia, utamwanzia wapi?

Jina lenyewe lilikuwa kwenye kipande cha kadibodi kilichopigiliwa misumari juu ya jiko la sufuria ya pamoja, katikati ya kilima, pale ngazi za saruji zinapovuta pumzi kabla ya kuendelea kupanda. Kadibodi ilikuwa na safu tatu. Ya kwanza ni ya akina mama wa zamu: hupika siku yao, na siku hiyo familia zao hula bure. Ya pili ni ya wanaolipa, soli moja na nusu kwa sahani. Ya tatu iliitwa Huruma. Humo waliandikwa wazee wasio na mtu, mjane wa yule fundi aliyeanguka kutoka ghorofani, na mama mmoja aliyepooza upande. Hawa hawakupika wala hawakulipa. Safu hiyo aliibuni Eudocia mwenyewe miaka mitatu iliyopita, na hata jina alilitoa yeye, akajiona mtu mwema kweli kweli.

"Tumekutoa kwenye zamu, dada," alisema Hermelinda, mwenyekiti wa sufuria. Alikuwa amesimama nje ya mlango, hatua nne nyuma, barakoa imempanda mpaka chini ya macho. "Kazi yako sasa ni kulala tu. Chakula kitakufuata hapa hapa."

"Mmeniweka wapi?"

"Wapi tena? Umepumzishwa."

"Hermelinda, ile kadibodi naijua kama kiganja changu. Zamu nimetolewa. Hela ya kulipa sina. Niambie sasa niko wapi."

Hermelinda aliangalia viatu vyake kana kwamba jibu limeandikwa kwenye kamba.

"Ni kwa muda tu, dada."

"Haya. Niandike basi, mwenyekiti, kwa herufi nzuri. Jina langu lina 'c' katikati, msinitie aibu mara mbili."

Hermelinda alicheka, akajifuta macho kwa pindo la aproni, akateremka. Alidhani mzaha ule ulikuwa dalili njema.

Ugonjwa ulikuwa umepata jina siku tatu kabla: kifua kikuu. Mlimani pale si ugonjwa wa ajabu. Unapanda ngazi kama mgeni mwingine yeyote, na kila msimu wa manyunyu, jua linapojificha miezi mitano na mbao za nyumba zikaota ukungu, huwa na nyumba ya kufikia. Nesi Roxana wa zahanati ya bondeni alimwambia Eudocia mambo yote kwa mkupuo mmoja, maana nyuma yake palikuwa na foleni: miezi sita ya vidonge, kila asubuhi, unameza mbele ya macho yangu, ukimeza, unapona, ukiacha, unakufa, na kabla hujafa utawaambukiza wengine. Mumewe Crisanto na binti yao Yovana walipimwa, wakaonekana salama. Crisanto akanunua plastiki ya buluu, akaigawa nyumba yao ya chumba kimoja mara mbili. Sahani ya Eudocia, kijiko chake na kikombe chake vilifungwa uzi mwekundu. Yovana ndiye aliyeifunga, kwa mafundo madogo ya kike, akijitahidi ipendeze. Ilipendeza, ndiyo. Hata kamba ya kumfungia mbwa huweza kupendeza.

*

Wiki mbili za kwanza Eudocia aliteremka. Ngazi mia mbili na kumi na nne kwenda, na idadi ile ile kurudi, ingawa mgonjwa atakwambia za kurudi ni nyingi zaidi. Alimeza vidonge, akafungua kinywa, Nesi Roxana akachungulia chini ya ulimi wake kama mtu anayetafuta pete iliyopotea.

Tatizo lilikuwa saa kumi alfajiri. Miaka mitatu mwili wake ulikuwa umezoea kuamka saa hiyo. Siku za zamu aliamka kuwasha kuni za makasha yaliyovunjika. Siku za Alhamisi aliamka kwenda soko la jumla na magunia mawili matupu kuwaomba wachuuzi mboga zilizopondeka. Sasa aliamka, akaketi, akatafuta viatu kwa miguu gizani, kisha akakumbuka. Akalala tena. Kulala kwa mara ya pili kulimchosha kuliko kubeba gunia.

"Sokoni kukoje?" alimwuliza Crisanto siku moja kupitia plastiki. Crisanto alikuwa mbebaji mizigo katika soko lile lile.

"Kuzuri."

"Akina mama wanakuja Alhamisi?"

"Wanakuja. Wanajaza magunia, wanaondoka. Usiwaze."

"Na sufuria?"

"Inachemka tu, mama. Kila kitu kinakwenda sawa. Wewe pumzika."

Hivyo ndivyo kila mtu alivyomwambia. Yovana alimwambia. Hermelinda alimwambia kutoka hatua nne. Walikuwa wameapishana huko chini, akina mama wote kumi na moja, kwamba mgonjwa asipelekewe hata chembe ya habari mbaya, kwa sababu wasiwasi hula mapafu. Nani aliwaambia hivyo sijui, ila walisadiki kama sala. Na kila siku saa saba mchana sahani ya uzi mwekundu ilifika imejaa.

Kisha asubuhi moja yalishuka manyunyu, yale yasiyonyesha wala kukatika, na Eudocia akajisemea atakwenda saa nne. Saa nne ikafika. Akajisemea saa sita. Saa saba sahani ikaja, jioni Crisanto akarudi, Yovana akatoka shule, wakala, wakalala, na hakuna kitu chochote duniani kilichotofautiana. Hilo ndilo lililomshangaza. Alikuwa ameidokoa siku moja katika maisha yake na wala haikupiga kelele. Kesho yake hakwenda tena.

*

Siku ya kumi na moja Nesi Roxana alipanda mwenyewe. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini, mwenye vilima vinne vya kuhudumia na goti moja zima. Alipofika alishindwa kuzungumza, akaketi juu ya pipa la maji, akamnyoshea Eudocia kidole huku anahema.

"Wewe," alisema hatimaye. "Mwenye nguvu ya kunipandisha mimi huku, anakosa nguvu ya kuteremka?"

"Pole, Nesi. Miguu."

"Miguu gani? Kidonge unakimeza kwa miguu? Nisikilize. Ukiendelea hivi, dawa hizi zitakataa kukufanyia kazi. Na zikikataa hizi, nyingine ninazo, lakini zile utanilaani mpaka kizazi changu cha saba. Na zile zikikataa, sina kitu."

"Jumatatu nitakuja."

"Jumatatu ya mwaka huu?"

"Ya mwaka huu."

Jumatatu haikumwona. Nesi akampigia simu Crisanto, naye akaipokea akiwa na gunia la viazi mgongoni. Jioni yake aliisogeza plastiki ya buluu pembeni kwa mara ya kwanza tangu aitundike.

"Siku ngapi hujaenda?"

"Sijahesabu."

"Mimi nimehesabiwa, mbele ya wachukuzi wenzangu. Siku kumi na tano. Unataka nini, Eudocia? Unataka kufa?"

"Sitaki. Nimechoka kutotaka."

Crisanto hakuwa mtu wa maneno. Maneno kwake yalikuwa kama mzigo usio na pa kushika. Alijikuna shingo, akasema yale ambayo mtu yeyote angesema.

"Basi fanya kwa ajili yetu."

"Nyinyi mmeshazoea. Yovana anapika wali vizuri tu."

"Unaungua chini."

"Utazoea na hilo."

"Mama!" alisema Yovana kutoka jikoni.

Crisanto alifungua kinywa. Ulimi wake ulikuwa umebeba jambo, na jambo lenyewe lilikuwa kubwa. Lakini alikuwa ameapa pamoja na wale wengine. Akarudisha plastiki mahali pake, akaenda kukaa nje juu ya tofali, kwenye baridi, mpaka wali ulipoungua.

*

Ijumaa iliyofuata, siku ya kumi na tisa, sahani ililetwa mapema. Wali, adesi, kipande cha boga na shingo nzima ya kuku. Eudocia aliitazama ile shingo kama mtu anavyotazama barua isiyo yake. Hakuwa na njaa. Akatoka nayo nje, akakaa kwenye kizingiti, barakoa kidevuni.

Mzee Fortunato wa nyumba mbili juu alikuwa anapanda kurudi kwake, mkono mmoja umeshika kamba ya ngazi, mwingine umebeba kopo lake la chakula. Alikuwa na miaka themanini na moja na macho yaliyobaki robo. Zamani alichimba shaba huko milimani. Sasa alichimba watu kwa maneno.

"Nani huyo anayekohoa kama punda wa padri?" aliuliza.

"Ni mimi, mzee. Kaa mbali."

"Eudocia! Bado hujafa? Mimi nilishaanza kusema 'marehemu', ulimi uzoee."

"Umetoka kula au unakwenda?"

"Nimetoka. Ila kusema 'kula' ni kujisifu. Hiyo supu yenu siku hizi mtu anaweza kuogea. Juzi niliona sura yangu ndani, nikakosa hamu kabisa."

"Acha uongo, mzee. Leo kuna adesi na boga na shingo ya kuku."

Mzee alisimama. "Shingo?"

"Shingo."

"Binti yangu, mimi nimesahau hata kama kuku ana shingo. Nilidhani siku hizi kichwa kinakaa moja kwa moja juu ya mabega, kama mkuu wa polisi."

Eudocia hakucheka. "Lete hilo kopo."

"La nini? Nimebakiza kidogo nimpelekee paka."

"Weka hapo kwenye ngazi, urudi nyuma."

Mzee akaweka. Eudocia aliinama juu ya kopo. Palikuwa na maji ya rangi ya maji, punje chache za mchele zilizolala chini kama watu waliozama, na jani moja la kabichi. Basi. Akakohoa, akageuka upande, akachelewa kidogo kugeuka.

"Jumatano mlikula nini?"

"Jumatano hawakupika."

"Jumatatu?"

"Wala Jumatatu. Wanapika siku tatu kwa wiki. Hukuambiwa?" Mzee akatambua alichosema. "Ah. Hukuambiwa. Basi na mimi sikusema kitu, nimezeeka, natokwa na maneno."

Eudocia alimmiminia mzee sahani yote ndani ya kopo, pamoja na shingo, kabla ya kukumbuka kwamba sahani ilikuwa na uzi mwekundu na yeye alikuwa ameshaishika na kuikoholea. Wazo hilo lilimjia baadaye sana, likaja na kukaa.

Wakati huo alikuwa tayari anateremka.

*

Akina mama wanne walikuwa wanasugua sufuria kwa mchanga walipomwona juu yao kwenye ngazi, shali limekaa upande, anapumua kama mvukuto. Hermelinda aliinua mkono kama askari wa barabarani.

"Hapo hapo, dada! Usikaribie!"

"Sikaribii. Sikuja kumtaka mtu. Nataka boga." Alishika kamba. "Boga liko wapi? Kabla sijaugua tulikuwa tunashusha maboga matano kila Alhamisi. Leo nimeona kipande kimoja kwenye kilima kizima, nacho kimekuja kwangu."

Wakatazamana. Aliyejibu alikuwa mwenyekiti, na alijibu kwa hasira ya mtu aliyebeba siri mpaka bega likachubuka.

"Hatupewi! Haya, umefurahi? Tunakwenda, tunarudi na nusu gunia la majani. Mlinzi anatufukuza getini. Yule mzee Zenobio wa maboga aliniita ombaomba mbele ya watu. Mimi! Akasema anamtaka yule mama mwenye mdomo, yule anayemwambia maboga yake yana sura ya mama mkwe wake. Ndiye aliyezoea kumpa. Mimi sijui kumwambia mtu mambo ya mama mkwe wake, Eudocia! Nilianza kulia. Siendi tena sokoni, na hakuna anayetaka kwenda."

"Na ile shingo?"

"Tunachanga. Kila siku mmoja anatoa kitu nyumbani kwake, kiende kwako."

Eudocia aliketi kwenye ngazi.

"Mmenidanganya mwezi mzima."

"Tulikupumzisha!"

"Mlinipumzisha mpaka nikaanza kuoza, Hermelinda. Mimi nimelala kule nasema, ona, kilima kinakwenda, sufuria inachemka, mume anakula, hata nikiondoka hapatabaki hata shimo." Sauti ilimkatika kwa kikohozi, nao wakangoja, na kikohozi kilikuwa kirefu. "Alhamisi nakwenda sokoni mimi."

"Huendi."

"Nani atanizuia?"

"Mimi," alisema Hermelinda. Hakuwa analia sasa. "Ukiwa na hicho kifua, ukamkoholea mchuuzi mmoja, soko zima litatufungia mlango, na hawa wenzangu wana watoto wa kulisha. Unataka gunia lako? Niletee karatasi ya nesi iliyoandikwa kwamba makohozi yako ni safi. Bila karatasi, wewe uko Huruma. Na ukinitukana nitakutukana."

Yalikuwa maneno makali kuliko yote aliyowahi kuambiwa na Hermelinda. Eudocia aliyasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ya mtu anayeuliza bei:

"Zahanati inafungwa saa ngapi leo?"

*

Hapa ningependa kukuambia kwamba alimeza, akapona. Lakini mwili hauna adabu hiyo. Siku kumi na tisa zilikuwa zimefanya kazi yao. Makohozi yalipelekwa maabara, wiki zikapita, na Nesi Roxana akamwita, akafunga mlango kwanza, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Zile nilizokwambia zitakataa," alisema, "zimekataa. Mbili kati ya nne."

"Kwa hiyo ni zile za kizazi cha saba."

"Ndizo. Si miezi sita tena. Mwaka na nusu, labda zaidi. Utatapika. Masikio yatavuma. Ngozi itakuwa nyeusi, na utaota ndoto ambazo hutapenda. Wengi wananikimbia mwezi wa pili." Akamtazama. "Utaweza?"

"Na karatasi? Naweza kuipata lini?"

"Karatasi gani?"

"Ya makohozi safi."

"Ukimeza bila kuruka hata siku moja, miezi mitatu, minne. Mungu akipenda. Kwani karatasi unaipeleka wapi?"

"Kwa mtu anayeuza maboga," alisema Eudocia. Nesi aliandika kitu kwenye faili, huenda kwamba mgonjwa ameanza kuweweseka.

Mwezi Julai Mzee Fortunato alianza kukohoa. Nesi akampima. Hakushangaa mtu, isipokuwa Eudocia, aliyekwenda zahanati na kuuliza jambo moja tu.

"Ni mimi?"

"Hakuna anayejua," alisema Nesi Roxana. "Kilima chote kinakohoa. Aliwahi kuchimba shaba miaka thelathini."

"Mlo wangu alikula. Nilimpa mwenyewe."

"Kwa chakula hauambukizwi, ni kwa hewa."

"Na hewa nilimpa pia."

Nesi alichukua kadi mpya ya vidonge, akaandika juu yake jina la mzee.

Tangu hapo waliteremka wawili, kila asubuhi. Macho ya mzee hayakutosha kuona ngazi zilizolowa manyunyu, kwa hiyo Eudocia alitangulia, mzee akashika pindo la shali lake. Ngazi mia mbili na kumi na nne, wote wana barakoa, wote wanakohoa kwa zamu kama waimbaji wa kanisa. Kuna asubuhi ambapo Eudocia, amejaa kichefuchefu, alifumba macho na kukusudia kubaki kitandani. Kisha akasikia fimbo ikigonga mlango wa mabati.

"Marehemu! Umeamka?"

"Nakuja, mzee."

"Ukianguka leo, anguka mbele yangu. Nataka nitue mahali pororo."

"Mahali pororo utapata wapi kwangu? Nimebaki mifupa."

"Basi mfupa. Sichagui."

Alitapika kwenye ngazi ya tisini karibu kila siku wakati wa kurudi. Mzee alisimama kando, akashika kamba, akatazama upande mwingine kwa heshima, ingawa hakuwa anaona kitu. Siku mojawapo vidonge vilitoka papo hapo mbele ya nesi, vizima, vikaelea kwenye beseni. Nesi akafungua paketi nyingine. Eudocia alivitazama vile vipya, machozi yanamtoka bila kilio, akauliza leo ni siku gani. Akaambiwa Jumatano. Akasema, "Kesho watarudi na majani tena," akavimeza.

Sufuria iliendelea kuwasha moto siku tatu kwa wiki. Familia nne zilijitoa, zikaamua kila mtu ajipikie njaa yake nyumbani. Sahani ya uzi mwekundu sasa ilikuwa na maji kama za wengine. Eudocia mwenyewe ndiye aliyedai hivyo, na Yovana alipojaribu kumfichia yai alirushiwa kandambili.

Mzee Fortunato alikufa tarehe kumi na nane Agosti, kwa kifua na moyo pamoja, alfajiri, bila kumsumbua mtu. Walimbeba kuteremka zile zile ngazi, Crisanto mbele kwa sababu alijua kubeba. Akina mama walipika ngano kwa ajili ya waombolezaji. Eudocia alisimama hatua nne nyuma, hakulia. Usiku ule Crisanto aliisogeza plastiki akalala upande wake wa nyumba, juu ya sakafu, kwa woga ambao hakuutaja. Alikuwa ameona mke wake anavyouangalia mlango.

Asubuhi hakuna fimbo iliyogonga.

Saa moja ikapita. Yovana hakwenda shule. Alijifanya anatafuta soksi. Crisanto hakwenda sokoni. Alijifanya anaumwa mgongo, na kwa kuwa kweli ulikuwa unamuuma hakupata taabu. Wote wawili walisikiliza upande wa pili wa plastiki. Saa mbili kasoro Eudocia akatoka, amefunga shali, uso umevimba.

"Mnanitazama nini? Hamna kazi?"

"Unakwenda?" aliuliza Yovana.

"Nakwenda."

"Nikushike mkono, mama?"

Eudocia alifikiri. "Hapana. Nenda shule," alisema. Lakini alipofika ngazi ya kwanza alirefusha pindo la shali nyuma yake kwa mazoea, likaburuzika kwenye matope mpaka bondeni.

*

Karatasi ilitoka wiki ya mwisho ya Oktoba. Ilikuwa ndogo kuliko alivyofikiri, na muhuri umekaa upande. Nesi Roxana alimwonya mara tatu: makohozi safi si kupona, bado mwaka mzima wa vidonge, na barakoa usivue. Eudocia akaitikia mara tatu. Akaipeleka kwa Hermelinda, akainyosha kwa mkono mrefu. Hermelinda akaisoma mbele na nyuma, hata pale pasipokuwa na kitu.

"Na kwenye kadibodi nikuandike wapi?" aliuliza.

"Kwanza nipe magunia. Kadibodi haili."

Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, alisimama mbele ya banda la maboga. Uzito ulikuwa umempungua kilo kumi na sita. Vidonge vilikuwa vimemgeuza rangi, mashavu yamekuwa kama chungu kilichosahauliwa motoni. Sikio la kushoto lilikuwa linavuma tangu Septemba, na lingevuma siku zote. Hermelinda alisimama nyuma yake ameshika gunia la pili, tayari kulia.

Zenobio alikuwa anapasua boga kwa panga. Aliinua macho, akamwona mwanamke mgonjwa mwenye gunia, kama wanawake wengine kumi waliokuja asubuhi ile, akayarudisha chini.

"Sina kitu, mama. Nenda mbele."

"Una kitu," alisema Eudocia. "Una mama mkwe wako hapo mezani, unampasua kichwa bila hata kumwamkia."

Panga likasimama. Zenobio alimwangalia macho, kwa kuwa macho tu ndiyo yaliyobaki vilevile.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mama yangu! Wamekufanya nini?" Alijisahau, akaliacha panga. "Mimi niliambiwa umekufa."

"Nilikuwa njiani," alisema Eudocia, akafungua mdomo wa gunia. "Nimerudi kuchukua maboga."

Zenobio alitumbukiza moja. Kisha la pili, na la tatu. Gunia likamlemea Eudocia mikononi, na Hermelinda akasogea kumsaidia. Eudocia akampiga kikumbo.

"Ngoja kwanza," alimnong'oneza kupitia barakoa. "Bado mawili."